Ndiva Bila Tundu

Nimekaa kwenye vikao vingi vya tathmini maishani mwangu, na dharau niliyo nayo juu yake sikuisoma kitabuni. Niliipata Same, nikiwa karani mwenye cheti cha kupiga chapa na magauni mawili ya mitumba, katika ofisi ya mradi mmoja wa maji ambao umeshakufa na sitautaja. Siku hizi wataalamu hawafungui kinywa bila kusema wadau: wadau washirikishwe, wadau wapewe mrejesho. Wakati ule tuliitwa walengwa. Mimi nilikaa pande zote mbili za meza, maana siku za kazi nilikuwa mtu wa ofisi, na nikipanda kwetu milimani nilikuwa mlengwa kama mama yangu.

Ilikuwa miaka ya kwanza ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Kabla ya hapo tulikuwa tumefua nguo kwa majani ya mpapai na kupanga foleni ya sukari tangu alfajiri. Sasa maduka ya Same yalijaa sabuni za kila rangi, nasi tulizitazama tu tukipita, kwa sababu mishahara ilikuja ikijisikia. Mambo mengi yalikuwa yameachwa mikononi mwa wafadhili, na wafadhili walipenda maandishi. Kichekesho ni kwamba ofisi haikuwa na karatasi. Tulikuwa na taipureta moja, utepe wake tukiurudisha nyuma mpaka herufi zikawa kama kivuli, na rundo la fomu zilizokwisha kutumika. Fomu hizo ziliandikwa upande mmoja tu, kwa hiyo barua zote za ofisi nilizipiga chapa kwa nyuma. Mtu akipokea barua yetu akaigeuza, angeweza kusoma idadi ya mbuzi wa mtu asiyemjua.

Kwetu ni juu. Ukisimama ukingoni mwa shamba la mama unaiona Maore chini kabisa kwenye tambarare. Milimani huko hatungoji mvua peke yake, tunakusanya maji, na tunayakusanya kwenye ndiva. Ndiva ni bwawa dogo ambalo wazee walilijenga kwa mawe na udongo kwenye njia ya kijito. Usiku linajaa, asubuhi linafunguliwa, na mwenye zamu anayapokea maji shambani kwake kwa mfereji. Ndiva yetu ilikuwa na tundu chini kabisa, kwenye sakafu, lililozibwa kwa gogo, udongo wa mfinyanzi na maganda ya migomba. Gogo likivutwa, maji yalitoka kwa nguvu yakaondoka na tope lote lililotuama usiku. Bwawa lilijisafisha lenyewe kila siku, na tope lilikuwa mbolea yetu. Sijui ni babu yupi aliyelibuni jambo hilo. Najua tu kwamba hakwenda semina.

Mradi ulipokuja, mhandisi wake alilitazama gogo lile akacheka. Akajenga ukuta wa saruji, mzuri kweli, na kwenye ukuta akaweka bomba la chuma lenye koki nyekundu, usawa wa kiuno cha mtu. Tundu la chini akaliziba kwa zege. Wanakijiji walishirikishwa, hilo lazima niseme. Walibeba mchanga, kokoto na mifuko ya saruji kichwani kutoka pale gari lilipoishia. Kushirikishwa kwenyewe kulikuwa kubeba. Mama yangu, aliyebeba kama wengine, alimwuliza mhandisi tope litatokea wapi. Alijibiwa, “Mama, hii ni teknolojia.”

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Baada ya misimu michache tope lilikuwa limepanda hadi usawa wa koki, na ndiva iliyokuwa ikimwagilia mfereji mzima ikawa inashika maji ya kujaza sinia. Mwenyekiti wa kijiji hakuona shida yoyote, shamba lake lilikuwa kichwani mwa mfereji, maji yakitoka tu yako kwake. Mama alikuwa mkiani. Huko mkiani walikuwepo wanawake watano, watatu wao wajane, mama akiwa mmoja wao. Zamu yao ilipofika, mfereji ulikuwa unatoa harufu ya maji na si maji yenyewe.

Mwaka ule mama alivuna mahindi ya kikapu kimoja na maharage ya kuhesabu kwa macho. Mwenyekiti alimpitia jioni moja, akamjulia hali kwa upole wote, kisha akamwuliza kama hafikirii kumkodisha shamba, maana “ardhi isiyo na maji ni mzigo kwa mjane.” Mama alifahamu maana yake. Shamba likienda kwa mwenyekiti, halirudi. Yeye angebaki na nyumba na kaburi la baba, na ili kupata chakula angelazimika kushuka tambarare kupanga foleni ya vibarua vya mkonge, pamoja na vijana waliotoka mikoa ya mbali wenye mikono ya chuma. Alikuwa na umri wa kuamkiwa na kila mtu. Alipanga kuvumilia msimu mmoja zaidi.

Ndipo tathmini ikaja. Barua ilisema watakuja watu wawili: mtaalamu wa Kizungu, na msomi kutoka Dar es Salaam ambaye ndiye angeongoza kazi. Watapima mafanikio ya mradi kwa kushirikisha walengwa wenyewe. Mkuu wangu wa ofisi alipaka chokaa mawe ya mlangoni. Mimi niliambiwa nitakwenda nao kwa sababu ninajua Kipare, na wazee wengine Kiswahili chao ni cha sokoni. Nilifurahi. Ninaandika hili kwa aibu: nilifurahi sana, nikafua gauni langu zuri, nikaamini kwamba sasa mama atasikilizwa.

Msomi aliagiza mahudhurio yawe makubwa. Mwenyekiti, aliyekuwa akiota awamu ya pili ya mradi, alijua kwamba siku ya kazi hakuna mtu atakayeacha shamba lake aje kusikiliza hotuba. Kwa hiyo akaamuru ipigwe pembe.

Pembe kwetu si kengele ya shule. Ni ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji kizima. Ikilia alfajiri, kila nyumba inatoa mtu, na mtu anakuja na jembe au karai. Asiyekuja anatozwa faini ya dengelua, pombe yetu ya miwa, na walokole hutoa uji. Wala msaragambo hauishi kazi inapokwisha. Watu husimama ukingoni, kila aliyefanya anasema alichokiona, palipooza, palipopasuka, na hakuna anayeondoka mpaka neno limepata mtu wa kulifanyia kazi na siku yake. Hata mtu mwenye kigugumizi husubiriwa. Nimesoma vitabu vinene vinavyofundisha jambo hilo kwa michoro ya mishale, na waandishi wake walilipwa.

Basi mwenyekiti alipiga pembe ya kazi akitaka watu wa kukaa. Watu wakaja na majembe. Wageni hawakuonekana saa mbili, wala saa nne, kwa sababu sisi tulikuwa tumepata pancha kwenye kijiji cha Kisiwani na msomi alikuwa amekaa kivulini akilaumu barabara. Mpare aliyeitwa kwa pembe hawezi kukaa na jembe mkononi akitazama milima. Tena mgeni akiwa njiani nyumba haiachwi chafu. Wakaingia kwenye ndiva, wanaume kwa wanawake, wakachota tope kwa makarai tangu asubuhi, wakalipandisha ukingoni, wakasugua hata ukuta. Tulipofika mnamo saa saba, ndiva ilikuwa safi kama sufuria ya harusi, na maji yameanza kujaa.

Msomi alisimama ukingoni akavua miwani. “Angalia,” akamwambia mwenzake. “Angalia hali yake!” Yule Mzungu akapiga picha. Akapiga picha ya maji, ya koki, halafu ya kundi la wanawake waliokuwa wamejaa tope hadi magotini, wameshika majembe. Mama alikuwa katikati yao. Alikuwa anacheka, kwa sababu ameniona.

Nilimfuata. “Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Umekuja na hao?”

“Nimekuja nao.”

“Wamechelewa. Wangekuja asubuhi wangeliona tope.”

“Na kwa nini mmelitoa? Leo ndiyo ilikuwa siku ya kulionyesha!”

Alinitazama kama mtu anayemwonea huruma mgonjwa. “Pembe imelia. Ulitaka tukae?”

Nilipewa fomu kumi za kuwahoji wanawake. Mwongozo ulikataza kumhoji ndugu, lakini mama alikaa kwenye jiwe mbele yangu akapangusa mikono, na sikuwa na ujasiri wa kumweleza mama yangu kwamba mwongozo unamkataa. Nikamsomea swali la kwanza: ameridhika na mradi kwa kiwango gani, sana, kiasi, kidogo, au hapana.

“Kuridhika na nini? Na saruji au na maji?”

“Hawakusema.”

“Basi kawaulize kwanza.”

Maswali mengine yalikuwa ya namna hiyo hiyo. Je, anajua mradi ulifadhiliwa na nani. Je, aliwahi kuhudhuria semina. Mwisho kabisa paliandikwa “Mengineyo”, na chini yake mistari mitatu ya nukta. Mama akasema, “Hapo ndipo pangu. Andika.” Akanitamkia polepole, akingoja kalamu:

“Ukuta ni mzuri. Hauna tundu la chini. Tope halina pa kutokea. Leo tumelitoa kwa mikono kwa sababu ya wageni. Vuli ikinyesha litarudi lote, na sisi wa mkiani hatutapata maji. Watoboe chini.”

Mistari mitatu haikutosha, nikabana maneno pembeni. Akanitaka nimsomee. Kisha akaichukua kalamu akaandika jina lake pale pembeni kabisa, kwa zile herufi kubwa alizojifunza kwenye madarasa ya watu wazima. Fomu haikuwa na nafasi ya sahihi. Aliitengeneza.

“Inakwenda kwa nani?”

“Kwa wakubwa, mama.”

“Itarudi lini?”

“Hizi hazirudi.”

“Mtu akichukua neno langu ananiletea jibu. Itarudi lini?”

Nikadanganya. Nilisema baada ya mavuno.

Fomu zote zilipelekwa kwa mwenyekiti azigonge mhuri wa kijiji, kuthibitisha kwamba zilijazwa pale na si hotelini Same. Aligonga mhuri na kuandika tarehe, moja baada ya nyingine, kwa furaha ya mtu anayepiga ngoma, bila kusoma hata neno. Kisha kikaanza kikao. Mwenyekiti alihutubia. Alisema wananchi wameupokea mradi kwa mikono miwili, akaonyesha ndiva kwa kidole, na nani angembishia? Msomi akauliza kama kuna matatizo. Watu walitazama majembe yao. Kwetu mgeni aliyekunywa soda yako hatajiwi aibu ya nyumba siku hiyo hiyo, na mficha maradhi kifo humuumbua, lakini kifo kiko mbali na mgeni yuko mbele yako. Mama peke yake alinyoosha mkono.

Mwenyekiti akatabasamu. “Mama huyu ana binti yake hapa, mtu wa ofisi. Ameshahojiwa. Tuwape nafasi wengine.”

Mkono wa mama ulibaki juu kidogo, kisha akaushusha akaanza kukwangua tope lililokauka kwenye kiwiko. Mimi nilikuwa nimekaa upande wa wageni, na chupa ya soda mkononi. Nikanywa.

Ripoti ilifika baada ya miezi miwili, kwa Kiingereza, imebanwa kwa plastiki nyeusi. Hakuna mtu kijijini kwetu ambaye angeweza kuisoma, na ofisini tulikuwa wawili na nusu. Mimi ndiye nusu. Niliisoma kwa kamusi, siku tatu, nikitafuta tope. Halikuwepo. Palikuwa na jedwali la kuridhika. Palikuwa na picha ya mama na wenzake na majembe yao, na chini yake maelezo kwamba wananchi wameumiliki mradi kikamilifu na wanautunza kwa hiari. Ndiva, ripoti ilisema, inafanya kazi bila kasoro, na mfumo ule wa bomba unafaa kujengwa katika vijiji vingine.

Yule msomi alipita ofisini mara moja kuchukua sahihi ya mkuu. Nilijikaza nikamwuliza kuhusu sehemu ya Mengineyo. Alikuwa na haraka ya kuwahi basi. “Yale hayaingii kwenye jedwali, dada,” akasema. “Kila mtu anasema lake.” Ndiyo maana unawauliza, mzee, kwa sababu kila mtu anasema lake! Lakini hayo niliyasema moyoni, baada ya basi kuondoka. Nakala moja ya ripoti iliingia kabatini. Nyingine tuliikunja tukaiweka chini ya mguu wa meza ya taipureta, na kwa kweli meza iliacha kutikisika. Fomu zenyewe zilirudishwa kwangu, nizitumie kwa barua.

Vuli ilinyesha vizuri. Tope likarudi lote, kama alivyosema. Januari jua lilipokaza, mahindi ya mkiani yalianza kusokota majani, na mwenyekiti akampitia mama tena jioni kumjulia hali.

Yaliyofuata nilisimuliwa na mama mwenyewe. Mzee aliyekuwa akitunza pembe ya msaragambo alikuwa amefariki mwezi mmoja kabla, na pembe ilikuwa bado imening'inia nyumbani kwa mjane wake. Mjane huyo alikuwa mmoja wa wale watano wa mkiani. Mama alikwenda kwake alfajiri, wakaitazama pembe. Mwanamke hapigi pembe ile, haijawahi kutokea. Mama aliipiga. Anasema mara ya kwanza ilitoa sauti ya mbuzi mwenye mafua, mara ya tatu ikalia.

Watu wakaja na majembe, pembe ni pembe. Walimkuta amesimama ndani ya ndiva, tope linamfika mapajani, mtaimbo mkononi. Aliwaambia, “Waliotuuliza wameondoka na majibu. Leo tuulizane wenyewe.” Wakasimama ukingoni kama desturi, kila mmoja akasema alichokiona. Hata wa kichwani mwa mfereji walisema kwamba maji yao nao yamepungua. Mwenyekiti alisema hii ni mali ya mradi na isubiriwe awamu ya pili. Alisikilizwa mpaka mwisho, kama mwenye kigugumizi. Kisha wakalisogeza tope kwa majembe, na mama akaanza kupiga chini kabisa, pale penye zege. Alipochoka alipokewa. Kabla ya saa sita tundu lilikuwa limefunguka, tope likaondoka kwa mngurumo, na jioni wakaliziba kwa gogo, udongo na maganda ya migomba. Tathmini nzima ilichukua nusu siku, na matokeo yake yakatumika mchana huo huo.

Barua ya mwenyekiti ilinifikia mimi kwanza, maana mimi ndiye niliyefungua barua. Mama fulani, iliandikwa, ameongoza watu kuhujumu mali ya mradi. Hujuma lilikuwa neno zito miaka ile, watu walikuwa wamefungwa kwa neno hilo. Mkuu wangu aliisoma akasimama. Akafungua kabati, akatoa ripoti, akaipuliza vumbi.

“Unaona?” akaniambia. “Hapa imeandikwa na wataalamu, haina kasoro. Sasa mtu anatoboa kitu kisicho na kasoro kwa nia gani, kama si hujuma?”

Nilikuwa nimengoja miezi mitatu kuona ripoti ile ikitumika. Sasa ilikuwa inatumika, juu ya mwanamke aliyepigwa picha ndani yake. Sijui kama mkuu alijua ni mama yangu. Nadhani alijua. Akaniamuru nipige chapa hati ya kumwita mbele ya baraza la kata, na kwenye hati nieleze kwamba akipatikana na kosa shamba lake litaondolewa kwenye zamu za mfereji.

Nilikaa mbele ya mashine. Nilishikwa na hasira, ingawa woga nao ulikuwepo. Nilikuwa na kazi, na kazi wakati ule hazikuokotwa. Kisha nikanyoosha mkono kwenye rundo la karatasi za barua, na badala ya kuchukua ya juu nikaanza kupekua. Nilipekua mpaka nikafika kwenye ile yenye herufi kubwa pembeni. Mhuri wa mwenyekiti ulikuwa juu yake, wa bluu, umegongwa vizuri kabisa, na tarehe. Nikaigeuza, nikaiingiza kwenye taipureta upande mweupe, nikampigia mama yangu hati ya kuitwa shaurini. Mkuu akatia sahihi bila kugeuza. Watu wa ofisi hawageuzi karatasi.

Nchi nzima hututania kwamba Mpare akiibiwa kuku atauza ng'ombe afungue kesi. Sibishi. Siku ya baraza mama alivaa kitenge chake cha kanisani na viatu, akafika kabla ya kila mtu. Baraza liliongozwa na mwalimu mstaafu mwenye masikio mazito na macho makali. Mimi nilikuja na mkuu wangu, nimeibeba ripoti kama mtoto wa ubatizo.

Mkuu alisoma na kutafsiri. Alisoma ukurasa wa kutokuwa na kasoro, akaonyesha picha. “Huyu hapa mwenyewe,” akasema, “anautunza mradi kwa furaha. Miezi mitano baadaye anauvunja.” Wazee wa baraza wakaitazama picha, wakamtazama mama.

“Mama, una la kusema?” mwalimu akauliza.

“Ninayo karatasi.”

“Ipi?”

“Hii mliyoniitia.” Akaifungua kutoka kwenye leso, akaiweka mezani, kisha akaigeuza. “Nilimwuliza aliyeniandikia itarudi lini. Imerudi.”

Mwalimu akavaa miwani akasoma kwa sauti, kwa vile masikio mazito humfanya mtu apaze. Ukuta ni mzuri. Hauna tundu la chini. Tope halina pa kutokea. Akasoma mpaka pembeni, jina la mama, akafika kwenye mhuri. Akaisogeza karatasi karibu na pua. “Mwenyekiti,” akasema, “mhuri huu ni wako?”

Mwenyekiti aliutazama. Ulikuwa wake.

“Basi uliambiwa tangu mwezi wa nane. Na ofisi iliambiwa. Sasa hujuma hapa ni ya nani?”

Shauri lilifutwa. Baraza likaandika kwamba tundu libaki, na zamu za mkiani ziheshimiwe. Mama aliomba karatasi yake, wakasema inabaki kwenye faili, akasema basi wamnakilie, na hakuondoka mpaka waliponakili. Njiani kurudi, ndani ya Landrova, mkuu alinigeukia tulipoipita Kisiwani.

“Nani alipiga chapa ile hati?”

Ofisi ilikuwa na mpiga chapa mmoja. “Mimi, mzee. Karatasi hazikuwepo.”

Nilihamishiwa Jipe mwezi uliofuata, ziwani kwenye mbu na matete, kuhesabu mitumbwi. Kabla sijaondoka nilipiga chapa waraka wa mwisho wa ofisi ile: kuanzia sasa fomu zote za tathmini zichomwe moto mara ripoti inapokamilika. Nimefanya kazi na miradi miaka mingi tangu hapo, na sijaona pendekezo lingine lililotekelezwa haraka kiasi hicho. Zilichomwa siku ile ile, nyuma ya choo.

Nilipanda kumuaga mama. Nilimkuta mkiani, maji yanaingia shambani yakiwa mekundu kwa tope, na yeye anayaelekeza kwa mguu mahali pa jembe. Nikamweleza habari ya Jipe. Hakunipa pole wala hakunishukuru.

“Na huko utaandika?”

“Nitaandika wanachosema watu.”

“Upande upi?”

Nilivua viatu, nikachukua jembe lake, nikazibua mfereji pale ulipokuwa umezibwa na majani.